Fimbo Saba za Kuanzia: Uchambuzi wa Kisa cha Mwanagofu Mpya Mwenye Bajeti Finyu

Hali ilivyokuwa

Mhusika wa kisa hiki ni mwanamke wa miaka 43, mfupi wa kimo na mwenye viganja vidogo, ambaye alikuwa hajawahi kushika fimbo ya gofu hadi alipokuja kwangu kujifunza. Alikuwa amemaliza masomo sita kwa fimbo za kuazima, na kwa kuwa kila wiki aliangukia fimbo tofauti, mara ndefu, mara nzito, mara yenye mshiko uliochakaa hadi kuteleza, kila somo lilianza kwa kusahihisha yale ambayo fimbo ya wiki iliyotangulia ilikuwa imemzoesha. Alipoamua kununua zake alikuja na akiba aliyoikusanya kwa muda mrefu, akanieleza bayana kwamba ikiisha hiyo hakuna nyingine mwaka huo. Nitaigawa akiba hiyo katika mafungu kumi yaliyo sawa, kwa sababu bei za fimbo hutofautiana mno kutoka mahali hadi mahali, ilhali kinachohitaji kueleweka hapa ni uwiano wake.

"Mwalimu," aliniambia, "mimi sitafuti fimbo nzuri. Natafuta za bei nafuu."

Nimeisikia kauli hiyo kwa wanafunzi wengi, na ndiyo iliyonisukuma kukiandika kisa chake kwa kirefu. Ndani yake mna dhana kwamba mtu mwenye fedha kidogo lazima aridhike na fimbo zisizomfaa, na dhana hiyo huwatoa watu mchezoni mapema, kwa kuwa mwanafunzi ambaye mpira hauinuki hujilaumu mwenyewe, akaamini kwamba gofu si mchezo wake, wakati lawama ingestahili kwenda kwenye kipande cha chuma alicholipia kwa shida.

Njia zilizokuwa mbele yake zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa seti nzima ya fimbo 14 zilizotumika, mali ya mchezaji mstaafu, kwa mafungu manne. Ya pili ilikuwa seti mpya ya wanaoanza, inayouzwa ikiwa imefungwa pamoja na mfuko wake, kwa mafungu tisa. Ya tatu, ambayo yeye hakuijua hadi nilipomweleza, ilikuwa kukusanya fimbo chache zilizotumika, moja baada ya nyingine, kwa kuzilinganisha na mwili wake.

Seti ya Mzee

Mstaafu huyo alikuwa mzee anayeheshimika sana pale tunapofanyia mazoezi, ambaye maumivu ya mgongo yalimlazimisha kuacha kucheza. Alimpenda mwanafunzi wangu kwa bidii yake, na nia yake ilikuwa safi kabisa. "Mwanangu," alimwambia, "fimbo hizi zimenilea. Zichukue zikulee na wewe." Zilikuwa za kampuni yenye sifa duniani, zimepanguswa kwa mafuta zisishike kutu, na kila moja ilikuwa imevikwa kofia yake. Kwa mafungu manne, mwanafunzi angebakiwa na sita. Kwa hesabu ya karatasi, hapakuwa na la kujadili.

Nilimwomba Mzee ruhusa ya kuziangalia, nikaichukua fimbo ya chuma namba 7 na kuigeuza kwenye mwanga. Katikati kabisa ya uso wake palikuwa na alama moja ya mchakao, ya mviringo, isiyozidi ukubwa wa sarafu. Kuizunguka, chuma kilikuwa bado king'avu kana kwamba kimetoka kiwandani jana. Alama hiyo ilikuwa kumbukumbu ya maelfu ya mapigo yaliyotua mahali pamoja kwa miaka mingi, na kwa mtu anayejua kuisoma ilieleza waziwazi fimbo ile ilitengenezwa kwa ajili ya nani.

Fimbo za chuma za Mzee zilikuwa za aina ambayo wachezaji huiita bledi. Kichwa cha bledi ni chembamba, kimefuliwa kutokana na kipande kimoja cha chuma, na uzito wake mwingi umekaa karibu na kitovu cha uso. Mpira ukigongwa pale kitovuni, mpigaji huhisi ulaini usio na kifani mikononi. Ukigongwa sentimita moja au mbili pembeni, kichwa husokoteka, nguvu hupotea na mpira huenda upande. Kinyume chake ni fimbo yenye mgongo uliochimbwa, ambayo chuma chake kimeondolewa katikati na kusambazwa kwenye kingo, hasa kwenye kitako, yaani sehemu ya chini inayokaa ardhini. Uzito ukikaa kingoni, kichwa hukataa kusokoteka, na ukikaa chini, mpira huinuka kwa urahisi zaidi. Wazo hilo lilienezwa sana na Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyeishi Marekani na kuanzisha kampuni ya Ping mwaka 1959. Alianza kwa fimbo za kusukumia mpira shimoni, kisha akalihamishia kwenye fimbo za chuma. Kwa maoni yangu, mwanagofu mpya hana uvumbuzi anaopaswa kuushukuru kuliko huu.

Hata hivyo sikutaka mwanafunzi wangu aache fimbo za Mzee kwa sababu tu mwalimu amesema. Niliazima namba 7 yenye mgongo uliochimbwa na mpini mwepesi wa kaboni, nikaiweka kando ya ile ya Mzee, ambayo mpini wake ulikuwa wa chuma cha pua, mgumu, wenye herufi S shingoni, pale unapokutana na kichwa. Nyuso zote mbili nilizipaka poda nyepesi, ili kila mpira uache alama pale ulipogongwa. Alipiga mipira 20 kwa kila fimbo, mitano kwa hii, mitano kwa ile, kwa kupokezana, ili uchovu usiiponze moja peke yake. Tulihesabu mipira iliyoinuka juu na kuvuka nguzo ya mita 80. Kwa bledi ilivuka minne. Kwa ile nyingine ilivuka kumi na mmoja.

Poda ilieleza mengi zaidi ya hesabu hiyo. Kwenye nyuso zote mbili alama zake zilikuwa zimetawanyika vilevile, nyingi zikiwa upande wa ncha, ule ulio mbali na mpini, chache karibu na shingo, mbili au tatu katikati. Kwa hiyo hakuwa amepiga vizuri zaidi kwa fimbo ya pili. Alikuwa amekosea kwa kiwango kilekile, ila makosa yake yalisamehewa. Alizitazama zile nyuso mbili kwa muda, akasema, "Kumbe si mimi peke yangu." Niliona mabega yake yakilegea. Naamini ndipo alipoanza kuwa mwanagofu.

Palikuwa na suala la pili, la mipini. Mpini wa chuma cha pua wa aina ile huwa na takriban gramu 125, wakati mpini mwepesi wa kaboni unaotengenezwa kwa wachezaji wa mwendo wa taratibu unaweza kuwa na gramu 55 hivi. Ugumu nao una madaraja yake, kuanzia L iliyo laini kabisa, A, R, S hadi X, ingawa hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote, na R ya kampuni moja inaweza kuwa ngumu kuliko S ya nyingine. Mtu anayezungusha fimbo kwa kasi ndogo akipewa mpini mgumu na mzito, kichwa huchelewa kufika, uso hubaki wazi, na mpira huondoka chini chini ukielekea kulia kwa anayetumia mkono wa kulia. Hili nalitaja hapa kwa sababu, licha ya kulijua, nililipuuza baadaye katika kisa hiki hiki.

Suala la tatu lilikuwa urefu. Mzee ni mtu mrefu, na namba 7 yake ilizidi inchi 37. Nilimchorea mwanafunzi mstari wima kwenye mpira kwa kalamu ya ubao mweupe, mstari ukitazamana na uso wa fimbo, kisha nikamwambia apige. Wino uliohamia usoni ulikuwa umelala kwa mshazari. Mstari ukitoka wima, kitako kimekaa sawa ardhini wakati wa kugonga. Ukilala, ama ncha imeinuka ama kisigino, upande wa karibu na mpini, kimeinuka. Kwake ncha ilikuwa imeinuka, kama inavyotokea mtu mfupi anaposhika fimbo ndefu, na fimbo ya namna hiyo huupeleka mpira kushoto hata kama mpigaji amefanya kila kitu ipasavyo. Angeweza kushika chini zaidi kwenye mshiko, lakini hilo lingekuwa jawabu la siku moja, si la miaka.

Seti mpya

Seti mpya ya wanaoanza nitaizungumzia kwa ufupi, kwa kuwa haikuwa na kasoro kubwa. Seti za aina hii kwa kawaida huwa na draiva (fimbo ndefu ya pigo la kwanza), wudi moja au mbili (fimbo za mapigo marefu zenye kichwa kinene), haibridi moja (mchanganyiko wa wudi na fimbo ya chuma), fimbo za chuma kuanzia namba 6 au 7 hadi weji (fimbo ya mapigo mafupi ya juu), fimbo ya kusukumia na mfuko, na zile za wanawake huja na mipini mifupi na myepesi. Mtu asiye na mwalimu wala rafiki anayejua fimbo ningemshauri achukue hiyo bila kusita, maana itamwepusha na makosa mengi kwa mkupuo mmoja. Kilichonizuia katika kisa hiki ni mafungu tisa. Angebaki na fungu moja, ambalo lingemalizwa na mipira ya mazoezi ndani ya mwezi mmoja, na masomo yangekoma. Mwanafunzi wa masomo sita akiachwa peke yake na fimbo mpya hujizoesha makosa, na makosa yaliyozoeleka huchukua muda mrefu kung'oka. Jambo jingine ni kwamba seti mpya hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake mara tu inapotumika, hivyo kama angekata tamaa asingerudishiwa hata nusu.

Kukusanya kidogo kidogo

Kanuni za gofu, zinazosimamiwa kwa pamoja na mashirika mawili makuu ya mchezo huu, R&A na USGA ya Marekani, zinaweka kikomo cha juu cha fimbo 14 na haziweki kikomo cha chini. Kikomo hicho USGA ilikianzisha mwaka 1938 na R&A ikafuata mwaka 1939, baada ya kipindi ambacho baadhi ya wachezaji wakubwa, Lawson Little akiwa mmojawapo, walikuwa wakibebesha watu zaidi ya fimbo 20. Kabla ya hapo, mwaka 1916, Chick Evans alishinda mashindano ya wazi ya Marekani akiwa na fimbo saba tu mfukoni. Nilimsimulia mwanafunzi wangu habari ya Evans kwa sababu alikuwa na aibu ya kuonekana na mfuko usiojaa, na aibu hiyo huwagharimu wanaoanza fedha nyingi. Ukweli ni kwamba mtu ambaye umbali wa mapigo yake unapishana kwa mita 30 kwa fimbo ileile hawezi kufaidika na fimbo mbili zinazopishana kwa mita nane.

Tulianza na fimbo za chuma, kwa kuwa ndizo msingi. Tulipata zilizotumika, tano kwa pamoja, kuanzia namba 6 hadi weji ya kawaida, zenye mgongo uliochimbwa, kitako kipana na mipini laini ya kaboni, kwa mafungu matatu. Muuzaji hakukubali kuzitenganisha, na bei yenyewe haikutoa sababu ya kubishana. Nilimshauri abebe namba 7, namba 9 na weji, na kuziacha namba 6 na namba 8 nyumbani kwa miezi mitatu ya mwanzo. Alishangaa kwamba nimemnunulisha fimbo kisha namkataza kuzitumia. Nikamweleza kwamba akizijua tatu vizuri, zile mbili zitakuja zenyewe.

Hapa kuna jambo ambalo wanaokusanya fimbo kutoka seti tofauti wanapaswa kulizingatia sana. Namba iliyochongwa kwenye kitako haipimi chochote. Kinachopima ni mwinamo wa uso, yaani pembe ambayo uso umelazwa nyuma, inayoamua mpira utainuka kiasi gani. Namba 7 ya Mzee ilikuwa na digrii 35, kama zilivyokuwa nyingi za wakati wake. Namba 7 ya seti tuliyonunua ilikuwa na digrii 31, na zipo za siku hizi zilizoshuka hadi 28, kwa sababu watengenezaji wamekuwa wakiusimamisha uso kidogo kidogo ili fimbo yenye namba ileile ionekane inapiga mbali zaidi. Kwa hiyo ukichukua namba 6 kutoka seti ya zamani na namba 7 kutoka seti mpya, unaweza kujikuta una fimbo mbili zinazofanya kazi moja. Muulize muuzaji digrii za kila fimbo, na kama hazijui, tafuta jedwali la mtengenezaji kwa jina la toleo lake.

Kwa mapigo marefu tulichukua wudi namba 5 yenye digrii 18, kwa fungu moja. Hakununua draiva, na uamuzi huo ulizua mjadala mrefu kuliko mingine yote, kwa sababu draiva ndiyo fimbo ambayo kila anayeanza huiota. Draiva ya kawaida ina urefu wa inchi 45 hivi na mwinamo wa digrii 10 au zaidi kidogo. Wudi namba 5 ina inchi 42 hivi. Inchi tatu hizo huongeza sana uwezekano wa kugonga mpira pembeni ya uso, na uso uliosimama hauupi mpira mzunguko wa nyuma wa kutosha, hivyo mzunguko wa upande, ambao kila anayeanza anao, unatawala na mpira unapinda hadi kwenye miti. Wudi yenye mwinamo mkubwa huinua mpira na kuficha sehemu ya mpindo huo, na tena inapigika mpira ukiwa juu ya kijiti cha kuuinulia au chini kwenye nyasi fupi.

Kisha tukarudi kwa Mzee. Mwanafunzi aliogopa kwamba kumkatalia kungemvunjia heshima, na mimi nilikuwa na hofu hiyohiyo. Nilimweleza Mzee tulichokiona kwenye poda, nikamwonyesha ile alama yake ya sarafu, nikamwambia kwamba mwanafunzi hajafika pale alipokuwa yeye. Aliishika fimbo, akaipitisha kidole gumba juu ya alama, akacheka kwa furaha. Tulimwomba atuuzie mbili tu: weji ya mchanga na fimbo ya kusukumia. Alikubali kwa fungu moja kwa zote mbili.

Sababu za kuzichagua hizo mbili ni za kiufundi, ingawa zilisaidia pia kulinda udugu. Fimbo ya kusukumia haidai nguvu wala kasi, haichakai kwa urahisi, na iliyotengenezwa miaka 20 iliyopita inasukuma mpira sawasawa na ya leo. Ilikuwa na inchi 35, tukaikata hadi 33, na kwa kuwa kuukata mpini hufanya kichwa kihisiwe chepesi, tuliongeza utepe wa risasi chini ya kitako. Weji ya mchanga nayo ilikuwa na digrii 56 na kitako kinene kilichobinuka, kile kinachoteleza juu ya mchanga badala ya kuchimba, ambacho Gene Sarazen alikifanya kiwe maarufu aliposhinda The Open, mashindano ya wazi ya Uingereza, mwaka 1932. Uzito wa mpini wa chuma, uliokuwa mzigo kwenye namba 7, ni msaada kwenye bunka, yaani shimo la mchanga uwanjani, kwa kuwa kichwa kinapita mchangani bila kusimama.

Mpangilio huo uliacha pengo la digrii 11 kati ya weji ya kawaida, yenye 45, na ile ya mchanga. Nililiona na nikaliacha, kwa kuwa anayeanza anaweza kulifunika kwa kushika chini kwenye mshiko na kupiga nusu pigo.

Namna tulivyozikagua

Fimbo iliyotumika hukaguliwa kwa macho, kwa masikio na kwa vidole. Mpini wa kaboni tuliupitishia ukucha polepole kutoka kwenye mshiko hadi shingoni, kwa sababu ufa mdogo huhisiwa kabla ya kuonekana, na mahali unapopenda kuanzia ni pale mpini unapoingia kwenye kichwa. Mpini wa chuma tuliutazama kwa urefu kama mtu anavyotazama mshale, kuona kama umepinda, na tukatafuta vidoti vya kutu chini kidogo ya mshiko. Kila kichwa tulikitikisa karibu na sikio; kinachochakarisha ndani kina gundi au kipande kilichoachia. Kwenye wudi tulitafuta mbonyeo juu ya kichwa na nyufa usoni, kasoro ambazo hazitengenezeki.

Siku hizo mtu mmoja alimpa mwanafunzi ofa ya draiva "mpya kabisa" ya kampuni mashuhuri kwa nusu fungu. Nilipoipokea, rangi iliyojazwa kwenye herufi ilikuwa imevuka kingo, pete ya plastiki shingoni haikulingana na chuma, na mahali ambapo kampuni hiyo huchonga namba ya utambulisho palikuwa patupu. Tuliirudisha kwa adabu. Fimbo bandia huonekana sawa kwa mbali, lakini uzito na ugumu wake haviaminiki, na kichwa chake kinaweza kuchomoka na kumjeruhi mtu.

Mishiko ilikuwa imekauka. Tuliisugua kwanza kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi, na miwili ikarudi kunata. Mingine tuliibadilisha kwa ya kipimo kidogo, kwa gharama ya nusu fungu. Kipimo tulikithibitisha kwa mkono wa kushoto: ncha za vidole vya kati zilipaswa kugusa kidogo tu nyama ya chini ya kidole gumba. Mfuko mwepesi wa kubeba begani ulichukua nusu fungu jingine.

Kosa langu

Haibridi namba 5, yenye digrii 25, ilipatikana mwishoni, nilipokuwa nimechoka kutafuta na mwanafunzi ana hamu ya kuanza. Kichwa kilikuwa kizuri, bei ilikuwa fungu moja, lakini mpini ulikuwa wa chuma cha pua wenye ugumu wa S. Niliona herufi ile. Nikajiambia kwamba fimbo moja haitadhuru, na kwamba kichwa cha haibridi kinasamehe vya kutosha.

Kwa wiki tano mpira uliondoka chini na kulia karibu kila alipoitumia. Baya zaidi ni kwamba alianza kujisahihisha: alikuwa akikunja viganja mapema ili kuulazimisha uso ufunge, na ukunjaji huo ukahamia kwenye namba 7, ambayo alikuwa ameanza kuipiga vizuri. Nilitumia somo zima kutafuta kasoro mwilini mwake kabla ya kuikumbuka ile herufi S. Tulibahatika kupata haibridi ya toleo lilelile, namba ileile, yenye mpini laini wa kaboni, nasi tukarudia jaribio la mipira 20 kwa 20. Kwa ile ngumu mipira mitatu ilivuka nguzo yetu. Kwa laini ilivuka tisa, vichwa vikiwa ni pacha. Tulinunua ya pili kwa fungu moja na kuiuza ya kwanza kwa nusu. Nusu fungu lililopotea nililifidia kwa kumpa masomo ya bure, kwa kuwa uamuzi ulikuwa wangu na akiba ilikuwa yake.

Hesabu na hali ya sasa

Fimbo za chuma mafungu matatu, wudi fungu moja, haibridi fungu moja, weji ya mchanga na fimbo ya kusukumia fungu moja, mishiko nusu, mfuko nusu: jumla saba. Ukiongeza nusu iliyopotea kwenye haibridi, alibaki na mafungu mawili na nusu, ambayo yote yalikwenda kwenye masomo na ndoo za mipira ya mazoezi. Mipira ya kuchezea hakununua mipya. Ile inayookotwa na kuoshwa inamtosha kabisa mtu anayeipoteza mitatu au minne kwa mashimo tisa.

Katika mwezi wa nne alizirudisha namba 6 na namba 8 mfukoni. Namba 8 ilimkaa mikononi siku ileile; namba 6 bado inamsumbua, na huenda tukaibadilisha kwa haibridi nyingine akipata nafasi. Alama za poda kwenye namba 7 zimeanza kukusanyika. Hazijafikia sarafu, lakini zinafunikwa na kiganja cha mtoto, na nyingi zimehama kutoka kwenye ncha.

Mwezi wa sita aliniuliza tena kuhusu draiva, safari hii kwa utulivu. Tuliazima moja nyepesi yenye digrii 12, tukaweka nguzo mbili kuonyesha upana wa njia ya nyasi fupi, akapiga mipira 20 kwa draiva na 20 kwa wudi namba 5, kwa kupokezana kama kawaida yetu. Draiva iliweka sita kati ya nguzo, wudi ikaweka kumi na mitatu, na ile sita ya draiva ilitangulia kwa mita kumi hivi tu. Aliandika takwimu hizo kwenye daftari lake, akairudisha draiva kwenye kofia yake. "Tutaipima tena baada ya miezi mitatu, Mwalimu," alisema, akachukua fimbo ya kusukumia na kuelekea grini ya mazoezi, uwanja mdogo wa kusukumia mpira shimoni, ambako Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi akimsubiri.